Nivo Iliyozibwa Jicho

Tulipomaliza matanga ya baba, ndugu walikaa sebuleni kwetu Turffontein wakagawana vyombo vyake vya kazi. Baba alikuwa fundi wa vigae, na vyombo vyake vilikuwa vingi kuliko nguo zake. Baba mdogo alichukua mashine ya kukatia. Binamu zangu wakachukua miiko, ndoo na yale mapande ya mpira aliyokuwa akijifunga magotini. Mwisho ikabaki nivo. Hivyo ndivyo mafundi wa Kongo wanavyoiita. Wengine huiita pima maji: ule mfupa mrefu wa alumini wenye kichupa cha maji katikati, na ndani yake kipovu kinachomwambia fundi kama kazi imelala sawa. Kichupa cha nivo hii kilikuwa kimezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na utepe wenyewe ulikuwa umekauka mpaka ukawa kama ganda.

Baba mdogo aliigeuza huku na huku. "Hii iko kipofu," akasema. "Fundi gani anaziba nivo macho? Tupeni."

Niliinyakua upesi hata shangazi akanikodolea macho. Nikaenda nayo chumbani, nikainusa. Ilinuka chokaa, jasho la mkono wa baba, na kwa mbali sana, au pengine nilijidanganya tu, ubani.

Mama alikuwa ametangulia, kwa hiyo nilikuwa nimebaki peke yangu ninayejua kwa nini nivo ile ilizibwa. Nilijua pia kitu kingine ambacho sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Nilipokuwa na miaka tisa niliiba kanisani. Baba alijua, na tangu siku ile mpaka anakata roho hakulitaja tena jambo hilo. Watu husema kimya ni msamaha. Mimi sikuwa na hakika. Nilikaa na kimya kile miaka yote nikijiuliza kama baba alinisamehe, au alinifungia tu mahali ndani yake asipotaka kufungua.

Kanisa lenyewe liko kusini mwa Johannesburg, si mbali na uwanja wa mbio za farasi, katika barabara ambayo mtu haipiti ila awe na shughuli nayo. Ni kanisa la Wagiriki. Kwa nje halina makuu: matofali ya rangi ya biskuti, madirisha membamba, na juu kuba iliyokaa kama sufuria iliyofunikwa. Watalii hawaji. Ukiwauliza wapita njia, nusu yao watakuambia ni msikiti. Jirani yetu mmoja, mzee wa Tanga, siku alipohamia mtaani alibisha hodi pale akiwa ameshatawadha, akiulizia sala ya Alasiri. Alipewa kahawa na kipande cha mkate, akarudi akisema msikiti wa huku una watu wakarimu lakini wana picha nyingi mno.

Baba alifika pale kutengeneza choo cha ukumbi wa kanisa. Alikuwa amepiga magoti, anaweka vigae, anaimba wimbo fulani wa Lubumbashi ambao maneno yake hayakufaa ukumbi wa kanisa lolote. Nyuma yake sauti ya bibi kizee ikasema, "We, papa! Unaimba nini mu kanisa?"

Baba akadondosha mwiko. Aligeuka akamwona mama wa Kizungu, mfupi, amevaa nguo nyeusi tupu, ameshika sinia la chai.

"Maman, unasikia Kiswahili?"

"Nilizaliwa Lubumbashi. Baba yangu alikuwa na bulanjeri, anauza mikate. Kunywa chai!"

Huyo ndiye Mama Sofia. Aliuza mishumaa mlangoni mwa kanisa na kushika funguo zote. Alikuwa ameondoka Lubumbashi kabla baba hajazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimeganda palepale alipokiacha. Baba alituhadithia jioni ile akicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwambia mama, "Lakini kile Kiswahili chake, hakina tafadhali. Ni leta, weka, toa, pesi-pesi. Alikisomea kwa maboi wa kwao." Mama, aliyekuwa akimaliza kunisuka, alivuta msuko wangu kwa nguvu kidogo akasema haidhuru, angalau amekupa chai. Lakini niliona kwamba baba lilimchoma.

Vigae vya choo vilimpendeza Mama Sofia. Alitembeza kiganja chake juu yake asikute hata pa kunasia ukucha. Ndipo akamwingiza baba kanisani penyewe, akamwonyesha ukuta.

Maji ya mvua yalikuwa yamepenya juu ya dirisha la upande wa kushoto. Pale palikuwa na malaika mkubwa, si wa kuchora bali wa vijiwe vidogo vya kioo vilivyopachikwa kimoja kimoja, na nyuma yake anga zima la dhahabu. Ncha ya bawa lake na kipande cha anga hilo, ukubwa wa meza ya chai, vilikuwa vimebomoka na kuanguka. Fundi wa kazi hiyo hakuwepo nchini, angetoka ng'ambo. Kamati ya kanisa ilikuwa inafikiria kupaka rangi ya manjano, yaishe. Mama Sofia akawaambia kuna fundi, Ilunga, mtoto wa Lubumbashi, na yeye anamdhamini kwa jina lake. Askofu angekuja sikukuu ya kanisa, na mpaka siku hiyo ukuta uwe mzima. Ukiwa mzuri, baba angepewa sakafu yote ya ukumbi, na jina lake lingetembea katika nyumba za Wagiriki wote wa kusini. Ukiwa mbaya, angerudi kwenye vyoo, na Mama Sofia angeaibika mbele ya watu aliosali nao maisha yake yote.

Ilikuwa likizo ya shule. Saluni ya mama ilikuwa chumba cha viti viwili, hapakuwa na nafasi ya mtoto wa kukaa akiuliza maswali. Basi nikawa nafuatana na baba.

Sitasahau siku ya kwanza kuingia. Kanisa letu la Jumapili lilikuwa katika gereji ya zamani, na viti vya plastiki, ngoma, na spika mbili zilizotufanya tutoke na kizunguzungu tukakiita Roho. Huku kulikuwa na kimya ambacho ungeweza kukisikia. Kulikuwa na baridi ya mawe, harufu ya nta na ubani iliyoingia mpaka kwenye kuta, na mbele ukuta wa mbao uliojaa watakatifu, wenye macho makubwa na vinywa vidogo, kama watu walioambiwa siri wakakatazwa kuisema. Mahali patakatifu pako nyuma ya ukuta ule, hapaonekani. Kwetu mchungaji alipenda aonekane mpaka meno ya mwisho.

Baba hakutazama picha. Alitazama pembe. Alisimama katikati, kichwa ameinua, mikono kiunoni, kwa muda mrefu hata nikachoka.

"Angalia, mama," akaniambia. Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake, Ngoie, na kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo hachapwi ovyo, maana ni kama kumchapa aliyekuzaa. "Chini nyumba iko na pembe ine. Juu kofia iko duara. Nani alibishonea pamoja?"

Akanionyesha. Katika kila pembe ya jengo, palipokutana matao mawili makubwa, ukuta ulikuwa umejikunja mbele kama kiganja kinachopokea kitu, na viganja vinne vile vilibeba ukingo wa kuba. Juu yake kulikuwa na mduara wa madirisha madogo, kwa hiyo mwanga uliingia chini ya kuba kutoka pande zote, na kuba ikaonekana haijakaa juu ya kitu. Mama Sofia alituambia kwamba watu wao waligundua ujenzi huo zamani sana, katika mji uliokuwa wao kisha ukawa wa wengine. Kila walikofukuzwa au kutangatanga walijenga tena vilevile, wakianzia na kuba. Hata Lubumbashi walijenga. "Sisi tunahama na kuba yetu," akasema.

"Sisi tulihama na nivo," baba akajibu, wakacheka wote wawili.

Ndani ya kuba, juu kabisa, kulikuwa na uso. Mwanamume mwenye ndevu, kifua na kichwa tu, mkononi kitabu, anatazama chini. Popote niliposimama alinitazama. Nilimwuliza baba ni nani, nikauliza kwa Kiingereza, maana siku hizo nilisikia Kiswahili chote cha nyumbani lakini sikujibu kwacho. Nilijibu kwa Kiingereza, na barabarani kwa Kizulu.

Baba alikuwa anachanganya chokaa. "Ule? Ule njo patron," akasema. "Anaangalia kama tunafanya kazi muzuri."

Nikamwamini. Kila mahali baba alipofanya kazi palikuwa na patron, na patron wote niliowahi kuwaona walisimama mahali pa juu wakiangalia chini, kwenye ngazi au kwenye veranda. Nilidhani Wagiriki walimchora mwenye jengo juu ya dari ili mafundi wasilegee hata akienda safari. Nikaona ni mpango wa busara.

Vijiwe vya dhahabu vilitoka ndani ya mikebe iliyoachwa na wajenzi wa kwanza chini ya ngazi, na vingine ni vile vilivyookotwa vilipoanguka. Vilikuwa vidogo kama ukucha wa kidole gumba, kioo juu, kioo chini, na katikati jani la dhahabu jembamba kuliko karatasi ya sigara. Baba aliviosha, akavimwaga juu ya gunia vikauke. Jua la dirishani likavipiga. Mimi ni mtoto wa Johannesburg. Tangu nizaliwe nimeona vile vilima vya mchanga wa njano vilivyotolewa migodini, nimeambiwa ni dhahabu, ni dhahabu, na sikuwahi kushika hata punje. Shuleni kulikuwa na wasichana walioniita kwerekwere, jina la kumtusi mgeni, na walinishika misuko wakiuliza kama kwetu tunalala juu ya miti. Nikataka niwe na kitu cha kuwaonyesha. Nikachukua kijiwe kimoja, nikakiingiza ndani ya soksi.

Kesho yake nilikipeleka kwenye duka la spaza la kona, ambako mmoja wao, Nomsa, alikuwa akimsaidia bibi yake. Nomsa alikiuma. "Kioo," akasema, akanirudishia kikiwa na mate. Basi. Hiyo ndiyo faida niliyoipata kwa wizi wangu.

Ningeweza kukirudisha siku ileile. Nilikwenda nacho mpaka mlangoni. Lakini nilipoingia niliinua macho nikamwona patron ananitazama, nikajua anajua. Nikakaa nacho soksini.

Baba alifanya kazi wiki tatu juu ya jukwaa, na sijawahi kumwona na raha vile. Alipachika vijiwe mstari kwa mstari. Kila baada ya mstari aliweka nivo, akatazama kipovu, akapunguza kwa ncha ya kisu, akaweka tena. Wengine hujivunia watoto wao. Baba alijivunia sakafu zake, kwamba ukiweka gololi katikati haiendi popote. Ukuta ule aliulaza kama sakafu hizo. Ulikuwa laini kama meza.

Siku ya mwisho kijiwe kimoja kikapungua. Tundu lake lilikuwa kwenye ncha kabisa ya bawa. Baba alihesabu mkebe, akapekua gunia, akashuka, akapiga magoti kwenye sakafu ya kanisa na tochi mkononi. Alitafuta asubuhi nzima, chini ya viti vya pembeni, ndani ya mchanga wa mishumaa, na mimi nimekaa kwenye ngazi, soksi inanichoma. Niliona upara wake ukienda na kurudi. Niliona anavyofuta vumbi kwa kiganja taratibu asije akakiharibu akikikuta. Sikusema. Mpaka leo nikitaka kujichukia sihitaji kutafuta mbali, naikumbuka asubuhi ile. Mwishoni aliziba tundu kwa chokaa akaipaka rangi ya manjano.

Jumamosi wakaja kuangalia: padri, mzee mmoja wa kamati mwenye suti, na Mama Sofia na mishumaa yake. Baba alikuwa amebakisha wiki moja na siku moja kabla ya askofu kuja. Mama Sofia akawasha mishumaa kumi hivi, akazima taa za umeme, maana ukuta ule, alisema, ulijengewa moto.

Dhahabu yote ya kale iliamka. Sina namna nyingine ya kusema. Kila mwali ulipotikisika, anga la nyuma ya malaika lilitetemeka, mahali hapa likawaka, pale likazima, likawaka tena, malaika akaonekana anavuta pumzi. Na katikati yake kazi ya baba ilikuwa kipande cheusi. Haikuwaka hata kidogo. Ilikaa pale bapa, kahawia, kama kadibodi iliyobandikwa juu ya dirisha lililovunjika.

Baba alipanda jukwaani, akaweka nivo. Ilikuwa sawa. Akaiweka kwa mkingamo. Sawa. Akatema mate kwenye kitambaa akasugua.

"Iko sawa na macho ya mutu mwenye kufa," Mama Sofia akasema kwa sauti ndogo.

"Maman, ni vijiwe vilevile. Vilitoka mu mikebe yenu."

Mzee wa suti alisema kwa Kiingereza kwamba ndiyo maana alishauri rangi tangu mwanzo, na kwamba fundi wa choo ni fundi wa choo. Baba alisikia. Mama Sofia akaanza kubishana naye kwa Kigiriki, kidole kinapanda na kushuka. Mwishoni akatugeukia. "Wiki moja," akasema. "Tengeneza!" Kisha, kana kwamba neno limemkwama kooni miaka mingi, akaongeza: "Tafadhali."

Mimi nilijua tatizo ni nini. Watu wazima walihangaika na chokaa na mishumaa, lakini mimi nilijua. Patron alikuwa amezima ukuta. Alizima kazi ya baba kwa sababu mwanawe ni mwizi. Nililala usiku huo na keshoye nikiwa na homa, na mama akanipaka mafuta ya karafuu kifuani. Baba alikaa kitandani mwangu. Alinishika unyayo tu, nivo iko mapajani mwake, anaigeuzageuza.

Jumatatu asubuhi, tulipofika, nilipanda jukwaani. Nilikuwa nimekatazwa. Baba alikuwa amekaa juu ya ubao ametazama kazi yake. Nikavua soksi, nikafungua kiganja.

"Papa," nikasema, "niliiba."

Nilisema kwa Kiswahili. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwake kwa lugha yake, na sikuichagua. Kiingereza kilikataa tu kutoka. Alitazama kijiwe. Alitazama miguu yangu, mmoja na soksi na mwingine bila. Nikangoja kofi, nikalitamani. Uso wake ulifunga, nikaona jinsi mtu mzima anavyofunga uso, kama dukani wanavyoshusha chuma jioni. Kisha akachukua kisu akachokoa ile rangi ya manjano kwenye ncha ya bawa, akatia chokaa mbichi kidogo.

"Weka," akasema. "Uliitoa weye. Uirudishe weye."

Nilisukuma kijiwe kwa kidole gumba kikaingia upande, kona moja imezama, nyingine imetokeza. Baba akanyoosha mkono, nivo tayari, ili akisahihishe. Ni mkono uliokwenda, si yeye.

"Papa Ilunga! Usiguse!"

Mama Sofia alikuwa amesimama chini na mshumaa. Tulikuwa hatujamsikia akiingia. Alikuwa anatembea hatua mbili kushoto, hatua mbili kulia, macho juu. Baba akashuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona, akasimama pale aliposimama yeye. Mimi nilibaki juu peke yangu na patron. Niliwaona wote wawili wanayumba na mshumaa ule kama watu wanaojifunza kucheza dansi.

Katika meza nzima ya chai ya vijiwe vilivyolala sawa, kimoja tu kilikuwa kinawaka. Changu, kilichowekwa vibaya.

Baba alielewa kabla hajaambiwa. Alirudi juu, akapapasa kwa kucha dhahabu ya kale, asiyoigusa hata mara moja kwa wiki tatu kwa kuiheshimu. Ilikuwa inakwaruza kama mgongo wa samaki. Hakuna kijiwe kilichotazama upande mmoja na mwenzake. Wale wajenzi waliviinamisha kwa makusudi, kila kimoja kidogo, ili mwanga wa mishumaa ukitoka chini kila kimoja kiudake kwa zamu yake na kuuteremsha kwa watu. Kazi ya baba ilirudisha mwanga wote mahali pamoja, juu darini, pasipo na mtu. Aliharibu kwa sababu ya ufundi wake. Mtu asiyejua kazi asingeweza kukosea vile.

"Nani aliona?" Mama Sofia akauliza kutoka chini. "Nani aliweka ile?"

Nilifumba macho.

"Mutoto njo aliona," akasema. "Miye sikuona kitu."

Nilidhani amesema uongo kwa aibu, asijulikane amezaa mwizi. Nilidhani hivyo kwa muda mrefu sana.

Alibomoa kazi yake siku ileile, chokaa ikiwa bado changa. Lakini kupachika upya kulimshinda. Mkono wake haukujua kupinda. Aliweka kijiwe, akakipinda, halafu bila kujua gumba likarudi likakilaza. Nivo ilikuwa pembeni na jicho lilikwenda kwenye kipovu lenyewe. Alasiri alisonya, akatoa utepe mweusi mfukoni, akazungusha kichupa mara nne. "Lala kidogo," akaiambia. Alipochoka aliniambia mimi niweke, na mama siku saluni ilipofungwa akaja akaweka, akisema mbona ni rahisi, ni kama kushona shanga, ukibana sana hazichezi. Baba alituangalia tunavyoharibu, eish, na nilimwona anavyoumia kwa kila kijiwe.

Jumapili ya askofu tulihudhuria, tukasimama nyuma. Mishumaa ilikuwa mingi na ukuta ukapumua wote, hata wewe uliyejua usingeuona mpaka wa kale na mpya. Mama Sofia alipita na sanduku lake, akampa baba mshumaa. Nami nikathubutu kuinua macho kwa patron. Kumbe nyuso zake ni mbili. Upande wa kulia kwake ni mpole, jicho limelegea. Wa kushoto ndio mkali. Wiki zote zile nilikuwa nimekaa chini ya jukwaa, upande wa kushoto, na nusu moja tu ndiyo niliyoiona.

Baba alipewa sakafu ya ukumbi, na kazi nyingine baada yake. Alinunua nivo mpya. Ile ya zamani aliiweka chini kabisa ya sanduku na utepe wake. Nami nikaanza kuzungumza Kiswahili nyumbani, cha kwetu kwanza, na baadaye hiki cha vitabu, kwa mume wangu wa Tanga. Lakini neno lile la kwanza nililomwambia baba halikurudi kati yetu. Alipolazwa nilijaribu. Nilisema, "Papa, ile siku ya kanisa..." Akanipapasa mkono akauliza kama nimekula.

Wiki iliyopita nilichukua nivo nikaenda. Mlango ulikuwa wazi. Mama Sofia alifariki zamani. Kwenye mishumaa alikaa binti yake, naye sasa ana mvi. Alitazama nivo kabla ya kunitazama mimi.

"Wewe ndiye Ngoie," akasema kwa Kiingereza. "Mtoto aliyeona."

Akaniambia kwamba baba alikuja kila mwaka, siku ya sikukuu. Sikujua. Nilidhani alikuwa anakwenda kwa mafundi wenzake Newtown. Baba aliwasha mshumaa mmoja, akasimama chini ya bawa, na yeyote aliyesimama karibu naye, Mgiriki, Mkongo, mtalii aliyepotea, alishikwa mkono akaonyeshwa ile ncha. Miye nilikuwa na nivo, alikuwa akisema. Mwanangu alikuwa na macho. Alisema hivyo miaka yote, Mama Sofia naye akasema, na sasa hata watoto wa Jumapili wanafundishwa: hapa ndipo msichana mdogo alipomwonyesha baba yake namna ya kuweka mwanga.

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Nikasema, "Hapana, mimi..." Yule mama akangoja, mshumaa mkononi.

Niliutazama ukuta. Kwenye ncha ya bawa kijiwe changu kiliwaka, kikazima, kikawaka. Kilikuwa kimekaa upande vilevile. Baba alibomoa meza nzima ya chai, akapachika kila kitu upya, na kile kimoja hakukigusa.

"Naam," nikamwambia. "Ni mimi." Nikapokea mshumaa.